Shali Zilizonyonyoka

Yule mama niliyemsema humu humu ukumbini mwaka jana, kwamba ameharibu shali kumi na mbili za sendofu, hakuharibu hata moja. Niliziharibu mimi. Siku tatu baada ya kumsema nilikuwa nimeshajua kuwa ni mimi, na nikakaa kimya miezi kumi.

Nimeanza bila salamu, ndugu zangu, mnisamehe. Ningeanza na salamu ningeingia kwenye habari za mvua, kutoka mvua ningeenda kwenye kahawa, na tungetawanyika sijasema kitu. Najijua. Sasa nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za nyumbani.

Mama mwenyekiti ameniambia nieleze kwa utaratibu, maana leo tuna wageni ambao hawaijui kazi yetu. Basi wageni, sisi tunatengeneza vitu vya sufu na hariri: shali, skafu, vipochi, maua ya kubandika kwenye koti. Hatufumi na hatushoni. Tunatandaza nyuzi za sufu ya kondoo juu ya hariri nyembamba, tunanyunyizia maji ya moto yenye sabuni, tunaviringisha kwenye mkeka na kusugua. Tunasugua sana. Sufu inajikunja, inapenya kwenye vitundu vya hariri, inatokea upande wa pili, na vitu viwili vinakuwa kimoja. Ikishashika, hata uvute kwa meno haitoki. Kosa likifanyika, nalo halitoki.

Aliyenifundisha ni huyo mama. Simtaji jina. Mnaomjua mnamjua. Kwao ni Singida, na alikuja huku na mumewe aliyepata kibarua kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Mume alipofariki, akapanda mjini na beseni moja na ujuzi wa sufu aliojifunza kwa mama mmoja mgeni aliyewahi kumfanyia kazi za ndani. Mimi nilimkuta hapa Moshi nikiwa nimefunga genge langu la ndizi, sina mbele wala nyuma. Alinikalisha kwenye kigoda, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukasugua pamoja kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Skafu yangu ya kwanza ilitoka kama ngozi ya chura. Akaivaa siku nzima, akaenda nayo hadi sokoni.

Alinipa masharti machache, na moja aliliita sharti la dukani. "Dada, usinunue hariri kwa macho. Chomoa uzi mmoja, uchome. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu, nunua. Ukiyeyuka, kimbia."

Mwaka jana tukapata kazi ya shali kumi na mbili, za kuwavisha akina mama kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti mmoja wa hapa mjini aliyekuwa anaolewa. Sufu na hariri tunavifuata Tarakea, vinavukia pale kutoka Kenya. Safari hiyo nilikwenda mimi peke yangu, maana yeye alikuwa anachemsha rangi.

Muuzaji wetu wa siku zote sikumkuta. Amefiwa, wakaniambia. Jirani yake, kijana mmoja, akaniita, "Njoo mama, hariri ni ile ile." Nikashika kitambaa. Kilikuwa laini, kinang'aa, kinateleza mkononi kama samaki. Nikachomoa uzi, nikaomba kiberiti.

Yule kijana akawaita wenzake. "Njooni muone, mama anataka kunichomea duka!" Mwingine akadakia, "Mama, mbona umevaa hereni za dhahabu? Hizo nazo ulizichoma?"

Walicheka, na mimi nikaona aibu. Mtu mzima, nimetoka Moshi, nasimama sokoni naomba kiberiti kama mvuta sigara. Nikatupa ule uzi chini. Nikasema, "Funga, nichukue."

Hilo ndilo kosa lenyewe. Ni dogo kiasi hicho.

Nyumbani kwake tulianza kazi siku iliyofuata. Mimi nilitandaza, yeye alisugua, maana kusugua kwa mwisho hamwachii mtu. Kabla ya adhuhuri akasimama. Alikuwa ameinua pembe ya shali ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, kitambaa hiki hakinywi."

"Hakinywi nini?"

"Sufu imelala juu tu. Haijaingia. Hiki ulikichoma?"

Nikamwambia, "Nilikichoma."

Mnaona? Uongo wa kwanza. Akanitazama, akarudi kwenye mkeka. Akasugua mpaka magoti yakamkatalia kunyooka. Siku ya nne akasema tena, "Kitambaa hakinywi, tuwaambie wenye shughuli watupe muda." Nikamjibu maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Kitambaa hakina shida. Ni wewe umechoka."

Sendofu mlihudhuria wengi wenu, kwa hiyo nitafupisha. Akina mama wakasimama mstari, shali zikawekwa mabegani, vigelegele, picha. Wakaanza kucheza. Mama mmoja mtu mzima, amevaa suti nyeusi, akainua mikono, na sufu ikabanduka begani kama manyoya. Ikamshika kwenye suti, kwenye mawigi ya watu, kwenye keki. Nakumbuka shangazi wa bwana harusi akisema kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "Jamani, tumeletewa shali au kuku wa kunyonyoa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi harusi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hayakuwa machozi ya kicheko.

Jumamosi iliyofuata tukakaa hapa. Mama mwenyekiti akauliza swali moja: "Nani alizisugua?"

Nikasimama. "Alisugua yeye."

Ilikuwa kweli. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kusema neno la kweli lenye ubaya kama lile. Hakuna aliyeuliza nani alinunua kitambaa. Nilikaa nikilisubiri hilo swali, halikuja. Nikaongeza na langu. Nikasema siku hizi anachoka haraka, kwamba nilikuwa nimemwonya.

Naye akasimama pale karibu na dirisha. Alisema sentensi moja tu. "Kitambaa hakikunywa."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Kwani kitambaa kina mdomo?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Katibu kama unaandika, liandike hilo: nilicheka.

Mkaamua aachishwe shali, abaki kuosha sufu chafu. Hakubisha. Aliukunja mkeka wake, akaufunga kwa kamba, akatoka. Wiki hiyo hiyo akahama chumba. Kila alipokwenda kuomba kazi ya mikono hapa mjini habari zilikuwa zimemtangulia: huyo ndiye wa zile shali.

Siku ya tatu baada ya kikao nilikuwa nabandika maji jikoni. Kipande cha kitambaa kile kilikuwa kimebaki, nimekifanya cha kushikia sufuria. Ncha yake ikagusa mkaa. Hakikunuka nywele. Kilinuka ndoo ya plastiki inayoungua, kikajikunja, kikadondosha tone jeusi kwenye sakafu. Nikalingoja lipoe, nikaliokota. Lilikuwa gumu kama punje ya pilipili manga.

Ningeweza kuja hapa mchana ule ule. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilikunywa chai badala yake.

Sasa nitawaambia kilichofuata, na hapa naomba mnivumilie, maana ninyi wenyewe mmo ndani yake. Nilijaribu kuendelea na kazi, sikuweza. Nikitandaza sufu inajikusanya madonge. Nikisugua, mkono unasimama wenyewe. Sikuwa mgonjwa. Niliwaambia ni mgongo. Nanyi mkaniamini. Mlikuja kunijulia hali kwa zamu, mama huyu ameleta sabuni, yule ameleta sukari, na dada yetu mmoja, aliyeketi hapo nyuma, alinipikia mtori wa nyama akauleta kwenye chupa ya chai usipoe. Akaniinua kichwa, akaninywesha kwa kikombe. Mimi mzima wa afya. Nilikunywa mtori wote, nikasema asante mama, Mungu akubariki.

Baada ya hapo sikuweza kukaa mjini. Nikafunga mlango, nikapanda Machame kwa mama yangu mzazi.

Mama yangu ni mzee, lakini macho yake hayajazeeka. Wiki ya kwanza aliniacha. Ya pili akaniita bandani akikamua ng'ombe.

"Mgongo wako unauma saa ngapi?"

"Muda wote, mama."

"Jana umebeba mkungu wa ndizi kutoka mgombani hadi jikoni. Leo umechota maji mara tatu. Huo mgongo unauma wapi, mwanangu?"

Nikakaa chini kwenye majani ya ng'ombe, nikamwambia yote. Aliendelea kukamua mpaka nikamaliza. Akasema, "Hilo ni kubwa. Mpelekee isale."

Kwa wasio wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu mnaouona kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu, ukimkosea mtu kosa la kuumiza, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona jani mkononi mwako anajua ulichokuja nacho, na hawezi kukataa kusamehe. Ndivyo tulivyolelewa. Jani linaongea kwa niaba yako.

Nilifurahi, ndugu zangu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilifurahi, na nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Kwa sababu sitalazimika kusema.

Nikauliza-uliza, nikaambiwa amerudi kule tambarare, analima palizi kwenye miwa. Nikashuka. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele nje ya nyumba za vibarua akanionyesha mlango. Dada yangu alikuwa ameketi kizingitini, amenyoosha miguu, buti ziko pembeni. Akanitambua kabla sijamfikia.

"Karibu dada. Umepungua. Uliumwa?"

Nikapiga goti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Akaliangalia. Akaligeuza. Akanusa.

"Hii ni dawa? Ya kuchemsha au ya kutafuna?"

"Si dawa. Ni isale. Kwetu ukiletewa hili, unasamehe."

"Nani amesema?"

"Ndiyo mila."

"Mila ya nani?" Akaanza kucheka, na si kicheko cha ubaya, alikuwa anashangaa kweli. "Kwa hiyo nyie Wachaga mtu akikosea anakata jani la uani, halafu aliyekosewa ndiye anayebanwa? Mila nzuri hiyo. Kwetu Singida hatuna." Akanirudishia jani mkononi. "Chukua, usije ukaligawa bure. Niambie tu kwa mdomo. Ulifanya nini?"

Mdomo wangu ulifunguka, sauti haikutoka. Nilipiga goti pale mpaka miguu ikafa ganzi. Yule mama wa mchele aliacha kupepeta. Mwishowe dada akasema, "Basi, kanywe maji, jua kali." Nikanywa maji yake, nikaondoka. Nimetoka Machame hadi kwenye miwa na jani mkononi, na nikarudi nalo.

Nilifanya kosa ambalo ni la sisi watu wa mlimani peke yetu. Nilidhani kila mtu analisoma jani lile. Kwake lilikuwa jani.

Nilikaa wiki mbili nikijifunza kusema. Msicheke, nasema kweli. Nikienda kukata majani ya ng'ombe nayasema kwa sauti: nilinunua mimi, sikukichoma, nikakudanganya. Mara za kwanza nilikuwa naona haya hata mbele ya migomba.

Nikashuka tena. Safari hii nilisimama. Nikamwambia: "Kitambaa nilinunua mimi. Sikukichoma, vijana walinicheka nikaona aibu. Uliponiuliza nikakudanganya. Kwenye kikao nikakuangushia wewe. Siku ya tatu nikakiona kinayeyuka, nikanyamaza. Na walipokucheka, nilicheka nao."

Akasema, "Hilo la kucheka sikulijua. Nilikuwa nimekupa mgongo."

Halafu akasema neno ambalo ndilo limenisimamisha hapa leo. "Dada, haya mengine nilishayajua. Niliyajua beseni likiwa bado na maji ya moto. Mimi si mtu wa kuambiwa. Wasiojua ni wale. Mimi nikipita mjini nasikia watu wananong'ona, wewe ukipita wanakupa pole ya mgongo. Kawaambie wale."

"Nikiwaambia utarudi?"

"Kufanya nini?"

Nikafungua mkoba. Nilikuwa nimekwenda na kipande cha hariri, hariri ya kweli, uzi wake nimeuchoma mwenyewe na majivu nimeyaona. Nikakiweka mapajani mwake. Akakishika kama alivyokuwa akifanya zamani, akikipitisha kati ya viganja vyake ili akisikie uzito.

Kikanasa.

Wageni, hariri nyembamba haitaki mkono wenye sugu. Kila ngozi inapokwaruza inachomoa uzi, na uzi mmoja ukichomoka kitambaa kizima kinavutika. Dada yangu alikuwa na viganja ambavyo ungeweza kuvipitisha juu ya utando wa buibui. Nilivitazama. Mpini wa jembe umevijaza sugu za njano, na majani ya miwa yamemkata vidole mistari mistari kama mtu aliyechezea wembe. Alijaribu kukiweka kitambaa chini, kikang'ang'ania. Ilibidi mimi nikinasue, uzi mmoja baada ya mwingine, yeye amenyoosha mikono. Nilipomaliza akaificha mikono ndani ya kanga.

"Sasa hata wakiniamini," alisema, "nitaishika na nini?"

Ndugu zangu, mimi nimelia kwenye misiba mingi. Siku ile sikulia. Niliona sina haki.

Wiki iliyofuata nilimweleza mama mwenyekiti, peke yake, na yeye ndiye aliyenipa nafasi hii. Namshukuru kwamba hakunipunguzia. Nilimwuliza kama naweza kuandika barua isomwe, akasema, "Ulimsema kwa mdomo." Namshukuru mama yangu mzazi kwa kunishtukia. Namshukuru dada yetu anayeshona kofia za kanzu, ambaye alisikia tu kwamba kuna mtu viganja vimemharibika, akatuma chupa ya mafuta ya nazi na glavu za pamba, hakuuliza ni nani. Namshukuru yule mama wa mchele, ambaye amempatia kazi ya kupika kwenye kibanda chake ili aache jembe. Na wewe dada wa mtori, sina la kukwambia. Mtori wako ulikuwa mzuri.

Mnaniona nimesimama, nasugua tena, sufu inashika. Mgongo wangu mzima, haukuwahi kuuma. Kama nina somo la kuwaachia ni hili: ukimharibia mtu jina mbele ya watu, usiende kumwomba radhi pembeni, huku watu wakibaki na lile lile ulilowaambia. Rudi ulipolisemea. Na vijana wakikucheka dukani, washa kiberiti.

Nimekiomba kikao kiandike kwamba shali zile zilikuwa kosa langu, na kwamba mkeka wake una nafasi hapa siku yoyote. Hilo mtaamua ninyi. Lakini msije mkadhani mkiinua mikono leo mambo yamekwisha.

Jana mchana nilimpigia simu. Nikamwambia kesho nasema. Akasema sawa. Nikamwuliza kuhusu kile kipande cha hariri, maana nilimwachia, na kila wiki anakipitisha mkononi aone.

"Nimekijaribu asubuhi," alisema. "Mkono wa kushoto kimepita. Wa kulia bado kinanasa."